Wafunga Papa wa Ghuba ya Mannar

Katika historia ya uvuvi wa lulu, uamuzi wa kushuka au kutoshuka majini papa wanapokuwa karibu haukuwa wa mzamiaji peke yake, kwa kuwa nyuma yake walikuwapo mwenye chombo, mtawala aliyengoja sehemu yake ya mapato, na mara nyingi mdai. Kila bahari iliyotoa lulu ilikuwa na utaratibu wake wa kulimaliza jambo hili. Ulioelezwa kwa kina katika vitabu ni ule wa Ghuba ya Mannar, mkono wa bahari unaotenganisha kusini mwa Uhindi na kisiwa cha Sri Lanka, kilichoitwa Ceylon wakati wa ukoloni, ambako wazamiaji walikataa katakata kuingia majini mpaka wahakikishiwe kuwa mfunga papa yuko kazini.

Kwa Kitamili, lugha ya wengi wa wazamiaji hao, mtu huyo aliitwa kadal-katti, yaani mfunga bahari, na kwa Kihindustani aliitwa hai-banda. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na lugha hiyo ya kufunga, kwa sababu katika uganga wa pwani ya Afrika Mashariki pia mnyama mkali husemwa kuwa amefungwa, na shamba au chombo huwekewa kago, yaani dawa ya kukinga isiyoonekana kwa macho. Kazi ya mfunga papa ni ya kale. Marco Polo, msafiri wa Venice aliyepita pande hizo mwishoni mwa karne ya 13, aliandika kwamba wafanyabiashara wa lulu walimlipa mfalme sehemu moja ya kumi ya mapato yao, na sehemu moja ya ishirini wakawapa watu waliowazuia samaki wakubwa wasiwadhuru wazamiaji. Aliongeza kuwa kinga hiyo ilidumu mchana tu, kwani usiku wafungaji wenyewe waliifungua ili samaki wawe huru kudhuru. Sharti hilo lina busara kubwa kuliko linavyoonekana, maana bahari iliyofunguliwa usiku ilijilinda yenyewe dhidi ya mwizi wa chaza, na chaza ndiye mnyama wa gamba anayebeba lulu.

Kazi ya kuzamia yenyewe ilikuwa ngumu hata bila papa. Mashua ziling'oa nanga usiku kwa ishara ya mzinga, zikisukumwa na upepo wa nchi kavu, ili zifike penye chaza alfajiri. Mchana mzinga ulipolia tena, zilirudi kwa upepo wa bahari. Katika kila mashua walikuwamo wazamiaji wapatao kumi, ambao nusu yao walishuka wakati wenzao wakipumzika. Mzamiaji aliweka mguu juu ya kamba iliyofungwa jiwe zito, akavuta pumzi, akabana pua kwa vidole, na jiwe likamshusha chini. Akikanyaga mchanga aliliachia, akajilaza kifudifudi na kuzoa chaza akiwatia katika kikapu cha wavu, kisha akatikisa kamba ili avutwe juu. Yote hayo yalimalizika kwa muda wa dakika moja hivi. Mtu aliyelala hivyo, uso ukielekea mchangani na mikono ikikusanya, hawezi kuona kinachokuja nyuma yake, na hapo ndipo mfunga papa alipohitajika.

Waingereza walipoitwaa pwani ya Ceylon kutoka kwa Waholanzi mwaka 1796, waliurithi uvuvi huo pamoja na wafunga papa wake. Kasisi James Cordiner, ambaye kitabu chake kuhusu Ceylon kilichapishwa mwaka 1807, anawaita walaghai, lakini katika ukurasa huohuo anakiri kuwa walikuwa sehemu ya lazima ya uendeshaji wa uvuvi. Kwa maelezo yake, wote walitoka katika ukoo mmoja, na wawili walikuwa kazini kila siku. Mmoja alisafiri katika mashua ya rubani mkuu. Wa pili alibaki pwani, akavuliwa nguo na kufungiwa chumbani, asionwe na mtu tangu mashua zilipotoka hadi ziliporudi, na mbele yake pakawekwa beseni la shaba lililojaa maji, ndani yake wakiwamo samaki wawili wa fedha, dume na jike. Iliaminiwa kwamba papa akimdhuru mtu huko baharini, samaki mmoja katika beseni angeonekana akimuuma mwenzake. Iliaminiwa pia kuwa mfunga papa aliyenuna angeweza kuwachochea papa wawashambulie watu, kwa hiyo zawadi zilimjia kutoka kila upande.

Imani hiyo haikufuata mipaka ya dini. Wengi wa wazamiaji walikuwa Waparava, jamii ya wavuvi waliobatizwa kuwa Wakatoliki katika karne ya 16 chini ya Wareno, na wengine walikuwa Waislamu. James Emerson Tennent, aliyekuwa katibu wa serikali ya kikoloni ya Ceylon katika miaka ya 1840, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuwa mkuu wa ukoo wa wafunga papa wakati huo alikuwa Mkatoliki. Tennent alipouzuru uvuvi, mkuu huyo alikuwa mgonjwa na akamtuma mwakilishi, ambaye alieleza kuwa yeye mwenyewe haijui siri ya kufunga, ila papa wangemheshimu kwa sababu ya aliyemtuma.

Tennent aliandika vilevile kwamba, ingawa ghuba ilijaa papa, tangu Waingereza walipoitwaa Ceylon ilijulikana ajali moja tu iliyothibitika wakati wa uvuvi. Maelezo yake ni kwamba wingi wa mashua na mishindo ya watu wanaojitosa majini bila kukoma viliwafukuza papa. Sababu hiyo inakubalika, lakini haigusi kiini cha jambo. Habari za enzi hiyohiyo zinaonyesha kuwa mzamiaji mmoja akipiga kelele ya papa, kundi zima la mashua liliweza kugeuza na kurudi pwani, hata pale ilipobainika kuwa aliyeumia alikatwa na jiwe kali, na waliothibitika kupiga kelele hiyo kwa hila waliadhibiwa. Serikali isingetunga adhabu kama kelele hiyo haikuwa na nguvu. Wafunga papa na kelele ya papa, vikitazamwa pamoja, vilikuwa njia pekee ambayo kwayo mtu maskini aliyening'inia kwenye kamba aliweza kuisimamisha kazi ya siku nzima ya dola, na hilo ndilo ambalo waandishi wa kikoloni, walioshughulika kucheka beseni na samaki wa fedha, hawakuliona.

Hali ilikuwa tofauti katika Ghuba ya Uajemi, ambako wazamiaji walibana pua kwa kibanio kilichoitwa fitam, na wakavaa nguo za pamba kuikinga ngozi na yavuyavu. Huko mwamuzi alikuwa nahodha, na mzamiaji alifungwa kwake kwa deni lililovushwa kutoka msimu hadi msimu. Hakuweza kuhamia chombo kingine bila hati iliyoitwa barwa, neno linalofanana na barua ya Kiswahili, iliyoeleza kiasi anachodaiwa. Chini yake zaidi alikuwapo mtumwa, ambaye ujira wake ulichukuliwa na bwana wake. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, lulu za Ghuba zilipotafutwa sana Ulaya na Marekani, watu wenye asili ya Afrika Mashariki walikuwa sehemu kubwa ya nguvukazi hiyo ya utumwa. Baadhi yao walitoroka na kwenda katika ofisi za Waingereza za Bushehr, Sharjah, Bahrain na Muscat kuomba hati za uhuru, na maelezo yao yaliandikwa na kuhifadhiwa. Wengi wa waliotoa maelezo hayo walikuwa wazamiaji, na miongoni mwao walikuwamo waliotaja Zanzibar na pwani ya Waswahili kuwa mahali walikoibwa wakiwa watoto.