Safu ya Lugha: Mkondo si wimbi

Juzi redioni mtangazaji alisema “mkondo uliyumbisha nguzo za gati huku na huku” kule Mbita. Hapana, ndugu yangu. Mkondo hufuata upande mmoja, kama Mto Kuja unavyopita Migori kuingia Ziwa Victoria. Maji yanayokwenda na kurudi ni wimbi. Wala usikimbilie “dhoruba”: hilo, lenye asili ya pigo katika Kiarabu, ni upepo mkali wa mvua.

Wahandisi hawachanganyi mkondo na wimbi. Tangu kanuni ya Morison na wenzake, 1950, kani ya wimbi kwenye nguzo ya mviringo hugawanywa sehemu mbili: ya kasi ya maji, na ya kubadilika kwa kasi hiyo. Anayetumia kanuni hiyo kuiga mawimbi kwa kompyuta huzikokotoa zote mbili. Mkondo usiobadilika hauna hiyo ya pili.