Fasihi Kidato cha Tano: Nani Anayechagua?

Kijana anayemaliza kidato cha nne huambiwa achague tahasusi. Neno hilo "achague" yafaa lichambuliwe na makada, maana katika nchi iliyopata kutawaliwa hakuna uchaguzi wa masomo usiokuwa na historia ya kitabaka nyuma yake.

Enzi za mkoloni, fasihi ya shule za juu ilikuwa ile iliyotahiniwa na Cambridge. Aliyefika huko alisoma Shakespeare, akajibu maswali yaliyotungwa na kusahihishwa ng'ambo. Tenzi za pwani na ngano za bibi yake zilihesabiwa mambo ya nyumbani. Mkoloni hakuwa mjinga. Alihitaji tabaka dogo la wasomi watakaowatazama wakulima wenzao kwa macho yake, na kasumba hiyo ilipandwa darasani, kwa mtihani.

Uhuru wa 1961 haukuing'oa mara moja. Mwaka 1967 Elimu ya Kujitegemea ililishambulia tabaka hilo waziwazi, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Oktoba 1968, jirani zetu Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, na somo la fasihi lianzie Afrika. Hapa kwetu Idara ya Kiswahili ilianzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Mwaka uliofuata tulijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Taifa. Wengi hulipita jambo hili la mwisho haraka, kumbe ndilo zito kuliko yote: anayetunga mtihani ndiye anayeamua kitabu kipi kisomwe.

Lakini kushika mtihani si kushika fikra. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikionyesha jinsi ukali wa baba na tamaa za wenye vyeo zilivyomwangamiza binti msomi. Ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Tusijifiche, Ndugu. Hapo hatukuwa tunapambana na ubeberu. Tulikuwa tunakikimbia kioo.

Tena, katika kidato cha tano na sita fasihi kwa miaka mingi haikuwa na kiti chake yenyewe. Ilikaa ndani ya karatasi ya pili ya Kiswahili na ndani ya karatasi ya pili ya Kiingereza. Kwa hiyo mwenye HGL alitahiniwa fasihi ya Kiingereza peke yake, mwenye HGK ya Kiswahili peke yake, na HKL ndiye aliyepata zote mbili. Huyu alisoma riwaya ya Ayi Kwei Armah ya 1968 juu ya Ghana, ambamo viongozi wa chama cha ukombozi wananenepa huku karani mmoja akikataa rushwa na kudharauliwa na mkewe, mpaka serikali inapinduliwa. Yule alisoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, yenye vijana wa Zanzibar wanaopambana na mkoloni kwa siri. Kimoja kinaonyesha harakati zikianza, kingine kinaonyesha zikioza. Kada aliyesoma kimoja tu amepewa nusu ya somo, na kwa maoni yangu nusu ya Armah ndiyo tunayoikwepa zaidi.

Nilipokuwa kidato cha nne, mwalimu mmoja alitutangazia kwamba waliofeli hesabu "watajibanza" HKL. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka. Dharau hiyo ni mtoto wa fikra kwamba taifa linajengwa na mhandisi peke yake, kana kwamba ripoti ya uongo juu ya daraja haiandikwi kwa lugha.

Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi nyingi mpya, jumla ikapita 60. Ni hatua. Lakini shule yenye nakala tatu za riwaya kwa wanafunzi themanini haimpi mtu chaguo. Katika semina moja niliwauliza vijana waliosoma HKL ni wangapi waliiweka ya kwanza kwenye fomu zao. Walinyoosha mikono wawili. Wa tatu alisema yeye alipangiwa, ila baada ya Armah hakuomba kuhama.