Pichesi la kokwa ng'ang'anizi

Pichesi la kokwa ng'ang'anizi ni pichesi (au fyulisi, *Prunus persica*) ambalo nyama yake haiachani na kokwa hata likiiva kabisa. Mpichesi ulianza kulimwa China maelfu ya miaka iliyopita, ukafika Ulaya kupitia Uajemi. Huhitaji kipindi cha baridi ili uchanue vizuri, na ndiyo maana Tanzania hustawi nyanda za juu kama Lushoto, si pwani.

Kisu ndicho kinachoonyesha tofauti. Likate tunda kuzunguka mfereji wake hadi kwenye kokwa, kisha uzungushe nusu zake mbili, kila moja upande wake. Pichesi la kokwa huru hufunguka papo hapo, kokwa likabaki upande mmoja, safi. La kokwa ng'ang'anizi huchanika, maji yakatiririka mkononi, na kokwa hutoka na minofu iliyonasa ndani ya makunyanzi yake.

Kinachoamua ni namna tunda linavyoiva. Seli zake zimegandanishwa na pektini, na kimeng'enya kiitwacho endopoligalakturonasi huivunja pektini hiyo. Jeni za kimeng'enya hicho zimo katika kromosomu ya 4, na eneo hilohilo hutawala mambo mawili kwa pamoja: nyama kulainika na kokwa kuachia. Kwa hiyo yapo mapichesi laini ya kokwa huru, laini ya kokwa ng'ang'anizi, na magumu ya kokwa ng'ang'anizi. Hayo magumu ndiyo yenye thamani kubwa kiwandani.

Wanaoliona tunda hili kuwa duni hawalitendei haki. Pichesi laini likichemshwa huvurugika. Gumu hubaki na umbo lake ndani ya kopo, likastahimili kijiko bila kumomonyoka. Mapichesi ya kopo ya California, Ugiriki na Afrika Kusini kwa kawaida ni ya jamii hii. Aina maarufu ya Afrika Kusini, Kakamas, iligunduliwa miaka ya 1930 katika mji wa jina hilo kando ya Mto Orange. Wakulima wa viwanda huchagua nyama ya njano isiyo na wekundu karibu na kokwa, kwa kuwa wekundu huo hugeuka kahawia ndani ya kopo. Mashine hulibana kokwa na kuzisokota nusu za tunda hadi zibanduke, na ngozi huondolewa kwa maji moto yenye kostiki soda. Kokwa likipasuka, vipande vyake ni hatari kwa meno, hivyo matunda hukaguliwa kwa makini.

Nektarini, ambayo ni pichesi lisilo na manyoya, huwa na aina zote mbili. Maplamsi mengi ya asili ya Asia na cheri nyingi hung'ang'ania kokwa; aprikoti nyingi huachia. Embe la kienyeji lenye nyuzi nalo hung'ang'ania, ila kwa njia nyingine: nyuzi zake huota kutoka kwenye kokwa lenyewe. Kiini cha kokwa la pichesi kina amigdalini, ambayo hutoa sianidi kikitafunwa, hivyo hakifai kuliwa.