Mwili wa Mawe Ukingoni mwa Mvita

Ukiifuata Ndia Kuu, njia ya Mji wa Kale wa Mombasa, mpaka mwisho wake, njia inakutoa uwanjani na ukuta unakusimamia mbele. Wageni wengi hupiga picha wakaingia. Mimi huusogelea ukuta kwanza nikauwekea kiganja. Ni jiwe la matumbawe, lina vitundu kama sega la asali lililokauka, na ndani ya vitundu hivyo bado unayaona makombe ya viumbe waliokufa baharini kabla ya mtu yeyote kujenga nyumba kwenye kisiwa hiki. Upande wa bara ukuta unatokea kwenye mwamba wenyewe: mafundi waliuchonga ukawa msingi, wakakata handaki humo humo, kisha wakapandisha mawe juu yake kwa chokaa. Ngome ya Fort Jesus imeota mahali ilipo.

Hayo huyaoni kwenye ramani yake. Ukiitazama kutoka juu unaona kitu kingine kabisa: mtu aliyelala, kichwa kikielekea bahari, mikono na miguu imetanuka pembeni.

Aliyeichora hivyo ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milano, msanifu mkuu wa Wareno katika himaya yao ya Mashariki, aliyekuwa na makao Goa, India, mji mkuu wa himaya hiyo. Alikuwa mtoto wa zama ambazo Ulaya inaziita Renesansi, yaani kuzaliwa upya, wasomi wa Italia walipovifukua vitabu vya Warumi wa kale na kuvisoma kwa njaa. Katika kitabu cha Vitruvius, mjenzi wa Roma ya kale, walikuta wazo lililowateka: kwamba vipimo bora vya jengo vinatokana na mwili wa binadamu. Francesco di Giorgio Martini wa Siena alilichukua wazo hilo akachora ngome kwa umbo la mtu, na sehemu muhimu kuliko zote akaiweka kichwani. Karne moja baadaye wazo hilo likavuka bahari mbili na kutua Mombasa.

Uzuri haukuwa sababu pekee. Mwaka 1494 mfalme wa Ufaransa, Charles VIII, aliingia Italia na mizinga ambayo iliziangusha kuta ndefu za zamani. Wajenzi wa Italia wakajifunza kwa uchungu. Kuta zikafupishwa, zikanenepeshwa, zikainamishwa kidogo ili risasi ya mzinga iteleze, na kwenye pembe wakatoa buruji zenye ncha, ili askari wa buruji moja aweze kupiga ubavuni mwa adui anayeishambulia ya pili. Hiyo mikono na miguu ya Fort Jesus ndiyo buruji zenyewe: São Filipe na São Alberto zinaitazama bara, São Mateus na São Matias ziko upande wa bahari. Filipe lilikuwa pia jina la mfalme Philip wa Hispania, ambaye tangu 1580 alivaa na taji la Ureno, na ndiye aliyetaka ngome hii ijengwe.

Ajabu ni kwamba Wareno walikuwa wameijua Mombasa kwa karibu miaka mia moja bila kujenga ngome.

Vasco da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498, akaondoka kwa shari. Siku chache baadaye alifika Malindi, mji uliokuwa na ushindani wa muda mrefu na Mombasa, na mtawala wake akaona faida ya kuwa na rafiki mwenye mizinga. Malindi ikampa Mreno kitu alichokihitaji kuliko chakula, nacho ni rubani. Merikebu ziling'oa nanga tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei zilikuwa Calicut, India. Vitabu vingi vimesema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Oman, lakini wataalamu wengi leo hawakubali. Maandishi ya Wareno yanamtaja kwa neno "malemo", na hilo Mswahili hahitaji kutafsiriwa: ni maalimu, ni mwalimu. Safari ambayo watoto shuleni hufundishwa kuwa Mreno "aliigundua" ilifanywa na mwalimu wa majahazi, kwa pepo ambazo mabaharia wa bahari hii walikuwa wakizihesabu kwa karne nyingi.

Shukrani ilichukua sura ya moto. Mwaka 1502 da Gama alirudi akaitoza Kilwa ushuru wa dhahabu kwa vitisho. Sehemu ya dhahabu hiyo ilifuliwa Lisbon mwaka 1506 ikawa chombo cha ibada cha kanisa la Belém, na chombo hicho kipo mpaka leo katika makumbusho ya sanaa ya kale ya Lisbon, kinatajwa kuwa miongoni mwa kazi bora za wasonara wa Ureno. Dhahabu ile ilitoka bara, ikapitia bandari ya Sofala, ikafika mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa kwa haki ya biashara yao. Ninapoona picha yake ikisifiwa kwa ufundi wake, ufundi naukubali. Kinachonikera ni kusoma sifa ndefu ambazo Kilwa imetajwa kwa neno moja tu.

Julai 1505 kamanda Mreno Francisco de Almeida aliipora Kilwa, kisha mwezi Agosti akaichoma Mombasa. Baada ya moto kuzimika, mtawala wa Mombasa alimwandikia barua mwenzake wa Malindi. Hao walikuwa mahasimu. Hata hivyo alimweleza jinsi alivyorudi mjini akakuta hakuna roho iliyobaki, na jinsi uvundo ulivyomzuia kuingia. Hakuomba msaada, alimtahadharisha tu. Mwaka 1528 Mreno mwingine, Nuno da Cunha, akaja, mji ukaporwa na kuchomwa tena.

Wareno hao hawakuwa na watu wa kutosha kukaa. Ngome waliyojenga Kilwa waliiacha mwaka 1512. Nguvu yao ilikuwa ya majini: waliuza karatasi ya ruhusa waliyoiita cartaz, na chombo kilichokamatwa baharini bila karatasi hiyo kiliweza kunyang'anywa shehena yake yote. Himaya ya namna hiyo haihitaji nchi kavu nyingi, inahitaji woga. Ukiisha woga, imekwisha.

Na katika miaka ya 1580 woga ulianza kuisha. Kapteni wa Kituruki, Mir Ali Bey, alishuka na meli zake kutoka Bahari ya Shamu, na miji ya pwani, mmoja baada ya mwingine, ikampokea kama mkombozi. Aliporudi mara ya pili na kujiimarisha Mombasa, Goa ikatuma kikosi kikubwa cha merikebu. Mwaka 1589 mji ulibanwa pande mbili, Wareno wakitokea baharini na Wazimba, wapiganaji kutoka bara, wakiwa wameshafika ng'ambo ya pili. Waturuki walishindwa, Ali Bey akachukuliwa mateka, na Wazimba wakavuka wakaumaliza mji. Hapo Goa na Lisbon zikaelewa kwamba bila ukuta Mombasa itachukuliwa na mwingine. Ujenzi ukaanza Aprili 1593 chini ya Mateus Mendes de Vasconcelos, na mawe yakachongwa na mafundi walioletwa kutoka India wakisaidiwa na vibarua wa Malindi. Cairati alifariki Goa mwaka 1596. Hii ndiyo kazi yake ya mwisho.

Sultani wa Malindi, aliyekuwa rafiki tangu mwanzo, alihamishiwa Mombasa na kupewa utawala wa kisiwa pamoja na fungu la ushuru wa bandari. Rafiki huyo sasa alikaa chini ya midomo ya mizinga. Kisa cha ukoo wake ndicho ambacho ningependa kila mtoto wa pwani akijue.

Sultani aliyemfuata, Hassan bin Ahmed, aligombana na makapteni wa ngome, akakimbilia Rabai. Mwaka 1614 aliuawa huko kwa hila ya Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, bado mtoto mdogo, naye akapelekwa Goa. Mapadri wa Kiagustino wakamlea, wakambatiza, wakampa jina Dom Jerónimo Chingulia. Alijifunza Kireno, akajifunza vita vya Kireno, akaoa Mkristo. Mwaka 1626 walimrudisha Mombasa kama mfalme wao mtiifu, naye akatuma barua ya utii kwa Papa. Kwa macho ya Goa alikuwa mfano mwema kupita yote: Mswahili aliyefinyangwa upya.

Makapteni wakamdharau hadharani. Inasimuliwa kwamba mtu alimwona akisali kisirisiri kwa namna ya Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, na habari ikafika ngomeni. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake kama mgeni, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na usiku huo mji wa Wareno ukateketea. Siku zilizofuata waliuawa Wakristo, wanaume, wanawake na watoto, Wareno na wenyeji walioikataa amri ya kuiacha dini yao. Damu hiyo siifichi. Tukimwita Yusuf shujaa na kuishia hapo, tutakuwa tumewanyima hao haki yao.

Mwanzoni mwa 1632 kikosi kikubwa kilikuja kutoka Goa kumtoa. Hakikufaulu. Kuta za Cairati, zilizochorwa ili Mreno asing'oke, zilimlinda Mswahili dhidi ya Mreno, naye aliyekuwa ndani alikuwa amefundishwa na Wareno wenyewe jinsi ya kupiga mizinga. Walipoondoka, Yusuf alijua watarudi na nguvu zaidi. Akaiharibu ngome kadiri alivyoweza, akapanda merikebu aliyoiteka kwao, akaishi akiwashambulia baharini mpaka alipofariki mwaka 1638 huko Jeddah. Wareno walirudi kwenye ngome tupu. Ukisimama mlangoni ukainua macho utaona bamba la mawe lenye maandishi ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, akijisifu kwamba ameijenga upya na kuiadhibu pwani.

Mwili wowote unataka kula, na hapo ndipo mchoro wa Milano ulipokosa jibu. Nafaka ilitoka bara na visiwani, na ilifika kwa hiari au kwa hofu ya watu wa pwani. Oman iliwatoa Wareno Muscat mwaka 1650, na watu wa Mombasa wakatuma wajumbe kuomba wasaidiwe vilevile. Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan yalifika na kuizingira ngome. Mzingiro ulidumu miezi thelathini na tatu.

Waliokuwa ndani wengi wao hawakuwa Wareno. Walikuwa Waswahili, wanaume na wanawake wa miji iliyofungamana na Ureno, hasa Faza. Mizinga haikuwaua sana, tauni iliwamaliza. Agosti 1697 kapteni wa Kireno alipofariki, amri ya Fort Jesus, ngome ya mfalme wa Ureno, ilishikwa na Bwana Daud wa Faza. Aliishikilia mpaka frigeti Santo António de Tanna ilipofika na askari mwezi Septemba. Sijawahi kuona jina lake kwenye barabara wala kwenye shule. Vasco da Gama ana mnara Malindi.

Frigeti yenyewe haikuondoka tena. Mwezi Oktoba ilikatika kwenye kamba zake, ikagonga mwamba na kuzama chini ya ngome. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi waliyafikia mabaki yake, na vitu walivyovipandisha sasa viko ndani ya ngome hiyo hiyo.

Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipanda kuta, wakakuta watu wachache mno wenye nguvu za kusimama. Siku chache baadaye merikebu za msaada kutoka Goa zilikaribia, zikaona bendera ngeni, zikageuka. Wareno walirejea mara moja tu, mwaka 1728, wakafukuzwa na wenyeji mwaka uliofuata. Wakaja watawala wa ukoo wa Mazrui, kisha Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, mwaka 1837, kisha Waingereza, ambao tangu 1895 hadi 1958 waliifanya jela.

Lugha ilikuwa imekwisha kulisema hilo. Neno letu "gereza" limetokana na igreja, neno la Kireno la kanisa. Kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya ngome, kwa hiyo wazee wa pwani waliita ngome yote gereza, mpaka neno likahamia kwa wafungwa. Mengine yalibaki na kazi nyepesi zaidi: meza, leso, bendera, foronya, padri, mvinyo. Keti barazani jioni na wazee wanaocheza karata, uwasikilize wakitaja kopa, uru, shupaza na pau, wakitupa turufu juu ya meza. Hayo yote ni Kireno, na hakuna mchezaji anayefikiria himaya.

Ndani ya makumbusho kuna kipande cha ukuta kilichotolewa katika buruji ya São Mateus. Katika karne ya 17 mtu aliyekuwa zamu pale alichukua mkaa na udongo mwekundu akachora kwenye lipu. Mkono haukufunzwa, na vipimo vya Vitruvius havimo. Kuna watu, kuna samaki, kuna makanisa, na kuna merikebu zenye matanga, kamba zake zimechorwa moja moja, na mtu ambaye ni wazi alikuwa amezipanda na kuzifunga kwa vidole vyake. Nje ya ukuta huo, pale alipokuwa amesimama, unaona mlango wa bahari wa Mombasa wote, ambako merikebu kutoka Goa ingetokea.