Damu ya Mke Haipotei: Rufaa za Pakistan na Kanuni ya Mtoto Kuwa Walii wa Damu

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeharamisha kuuliwa nafsi isipokuwa kwa haki. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahali zake na Maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Lipo swali ambalo huulizwa katika darsa za fiqhi na mara nyingi hujibiwa nusu. Mume amempiga mkewe miaka na miaka, mpaka siku moja mke amekufa kwa kipigo. Nyuma yao kumebaki mtoto. Je, mume huyu atauawa kwa kisasi? Mwanafunzi aliyesoma Minhaj ya Imam Nawawi hujibu upesi kuwa hauawi, kwa sababu haki ya kisasi imerithiwa na mtoto, na mtoto hamlipizi kisasi baba yake. Jibu hilo ni sahihi kwa kadiri lilivyosemwa. Lakini likiishia hapo, msikilizaji huondoka akidhani kwamba sharia imemwachia muuaji aende zake, kwa kuwa tu amezaa na yule aliyemwua. Dhana hiyo haikubaki katika darsa. Ilifika mbele ya majaji wa Mahakama ya Juu ya Pakistan, na ilichukua zaidi ya miaka 20 kutatuliwa. Tumeona ni vyema tuieleze historia hiyo, kwani ina mafunzo kwa kila anayekaa kwenye kiti cha kufundisha au kusuluhisha.

KANUNI ILIVYO KATIKA VITABU

Asili ya jambo ni kwamba mwanamume huuawa kwa kumwua mwanamke. Anas bin Malik (R.A.) amepokea, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari, kisa cha msichana wa Madina aliyepondwa kichwa kati ya mawe mawili. Mtume (S.A.W.) aliamuru aliyemwua, baada ya kukiri, afanyiwe kama alivyofanya. Hii ndiyo kauli ya maimamu wanne.

Kisha ikaja hukumu ya mzazi. Imepokewa kutoka kwa Umar bin Khattab (R.A.) katika Tirmidhi na Ibn Majah kwamba mzazi hauawi kwa kumwua mwanawe. Imam Malik aliiwekea mpaka: baba akionekana wazi kuwa amekusudia, kama vile kumlaza mwanawe na kumchinja, huuawa. Wengine waliichukua kwa ujumla wake, na wakajengea juu yake tawi la pili, nalo ndilo linalotuhusu: ikiwa mtoto amerithi haki ya kisasi dhidi ya mzazi wake, kisasi huanguka. Sababu waliyoitaja ni kwamba baba ndiye aliyekuwa chanzo cha mtoto kuwapo, basi mtoto asiwe chanzo cha baba kutokuwapo. Na kwa kuwa kisasi hakigawanyiki, kikianguka kwa mrithi mmoja huanguka kwa wote, hata kama wazazi wa marehemu wangali hai na wanakidai.

Ndugu msomaji, tazama vizuri kilichoanguka na kilichobaki. Kilichoanguka ni kisasi peke yake. Dia imebaki, nayo ni haki ya warithi. Kafara imebaki kwa madhehebu ya Shafii, hata katika kuua kwa makusudi. Kunyimwa urithi kumebaki, kwani muuaji harithi kwa aliyemwua. Mkono wa mtawala katika taaziri pia umebaki. Imam Malik na Al-Layth bin Saad walisema kwamba muuaji wa makusudi aliyesamehewa kisasi hupigwa mijeledi 100 na kufungwa mwaka mmoja. Imam Shafii na Imam Ahmad hawakuwajibisha adhabu maalumu, na Abu Thawr akasema kuwa akijulikana kwa uovu, mtawala atamtia adabu kwa kadiri aonavyo.

Na Umar mwenyewe, ambaye kwake imepokewa hukumu ya mzazi, ametuonyesha namna ya kuitekeleza. Katika Muwatta ya Imam Malik mna kisa cha mtu wa Banu Mudlij aliyemrushia mwanawe upanga. Ulimpata mguuni, damu ikatoka mpaka akafa. Umar hakumwua baba. Lakini aliagiza ngamia 120 wahesabiwe kwenye maji ya Qudaid, akachukua kati yao 100, akampa ndugu wa marehemu, na akabainisha kuwa muuaji hapati kitu. Kisasi kimeondoka, na damu haikupotea.

SHERIA YA PAKISTAN NA RUFAA ZAKE

Nchi ya Pakistan ilirithi Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyotungwa na Waingereza. Ndiyo hiyo hiyo iliyotumika Kenya na Tanganyika hadi mwaka 1930. Katika kanuni ile kuua kulikuwa kosa dhidi ya dola, na warithi wa marehemu hawakuwa na kauli ya kusamehe wala ya kupokea dia. Mwaka 1980 iliundwa Mahakama ya Shirikisho ya Sharia, na mwaka 1989 Jopo la Rufaa la Sharia la Mahakama ya Juu likaamua kwamba vifungu vya kanuni ile kuhusu kuua na kujeruhi vinapingana na Uislamu. Mwaka 1990 ikatolewa sheria ya kisasi na dia kwa amri ya Rais. Iliendelea kutolewa upya mara kwa mara mpaka Bunge lilipoipitisha mwaka 1997.

Sheria hiyo iliweka milango miwili ya kumwadhibu anayeua kwa makusudi. Wa kwanza ni kisasi, nao hautumiki ila kwa kukiri au kwa mashahidi waliochunguzwa uadilifu wao. Wa pili ni taaziri, pale ambapo ushahidi wa daraja hiyo haukupatikana lakini kosa limethibiti kwa njia nyingine. Hapo jaji anaweza kutoa hukumu ya kifo au kifungo cha maisha. Kisha kifungu cha 306 kikataja hali ambazo kisasi hakitumiki, na mojawapo ni kwamba walii wa damu ni kizazi cha muuaji. Kifungu cha 308 kikaeleza kuwa katika hali hizo muuaji hutoa dia, na anaweza kufungwa kifungo ambacho wakati huo hakikuzidi miaka 14. Baadaye kiliongezwa hadi miaka 25.

Hapo ndipo ilipokuja kesi ya mume aliyekwisha kuhukumiwa kifo kwa kumwua mkewe, naye alikuwa na mtoto kwa mke huyo. Hoja yake mbele ya Mahakama ya Juu ilikuwa fupi: mtoto ni walii wa damu ya mama yake, na mtoto huyo ni wangu, basi kifungu cha 306 kinanikinga. Katika hukumu ya mwaka 1994 Mahakama iliikubali hoja hiyo. Maana yake ni kwamba mume aliyemwua mke tasa aliweza kunyongwa, na aliyemwua mama wa watoto wake alikuwa na kinga. Mtoto aliyenyang'anywa mama akawa ndiye ngao ya aliyemnyang'anya.

Suala lilirudi mahakamani, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ikasema kinyume. Majaji walieleza kuwa kifungu cha 306 kinasema juu ya kisasi tu. Aliyehukumiwa kwa mlango wa taaziri hana la kufanya na kifungu hicho, kwani hajahukumiwa kisasi hata aondolewe. Hata hivyo hukumu za baadaye hazikufuata njia moja. Mwishowe suala lilipelekwa mbele ya jopo kubwa zaidi, na katika hukumu iliyochapishwa mwaka 2015 jopo hilo likaithibitisha kauli ya 1999: vifungu vya 306 na 308 ni vya kisasi peke yake.

ISHKALI ILIYOBAKI

Hatutakuwa waadilifu tukisema kuwa hukumu hiyo imemaliza kila ishkali. Mwanafunzi mwerevu atauliza: vipi yule aliyethibitishiwa kosa kwa ushahidi wa daraja ya juu asiuawe, na yule aliyethibitishiwa kwa ushahidi wa chini yake auawe kwa taaziri? Hilo ni swali la haki. Chanzo chake ni kwamba watunga sheria walichukua milango miwili yenye asili mbalimbali wakaiweka katika jengo moja. Tena kumwua mtu kwa taaziri ni jambo lenye khilafu. Wapo mafakihi wa Kihanafi waliolijuzisha kwa jina la siyasa, kwa anayeeneza ufisadi, na wapo waliolizuia.

Lakini lengo letu si kuhimiza kitanzi. Tunalotaka lieleweke ni kwamba kanuni ya mtoto ni kanuni ya nani adai, wala si kanuni ya nani ana hatia. Imewekwa ili mtoto asisimamishwe mbele ya watu kuidai roho ya baba yake. Kuigeuza ikawa cheti cha msamaha kwa baba ni kuisoma nusu ya mlango na kuufunga mswahafu wa fiqhi kabla ya kufika mwisho. Na wanaosimamia warithi wazingatie pia kwamba sehemu ya mtoto katika dia haiwezi kuachwa mikononi mwa baba aliyeua. Umar alimpa ndugu wa marehemu, wala hakumpa muuaji aitunze.

KIPIGO KABLA YA KIFO

Watu husema: "Hakukusudia kumwua, alikuwa akimtia adabu." Hapa nako fuqahaa wamesema kwa uwazi. Kwa Imam Shafii na Imam Abu Hanifa, mume aliyempiga mkewe kwa kumtia adabu akafa, huwajibika. Ruhusa hiyo imefungamana na kusalimika kwa anayepigwa, na asiposalimika imedhihiri kuwa mpaka umevukwa. Imam Malik na Imam Ahmad hawakumwajibisha katika adabu iliyo halali hasa, lakini wameshurutisha kuwa haikuvuka mpaka. Na mpaka huo ni upi? Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa na Ataa juu ya kupiga kuliko katika Suratun-Nisaa, aya ya 34, alijibu kwa kutaja mswaki na mfano wake. Basi ngumi, mateke, mkanda na rungu vimeingia wapi hapo?

Na kama kipigo ni cha kukariri? Katika fiqhi ya Shafii, kupiga kwa kitu chepesi tena na tena mpaka mtu akafa huhesabiwa kuua kwa makusudi. Imam Nawawi ametaja katika Minhaj kwamba anayempiga mgonjwa pigo linaloua wagonjwa hupasiwa na kisasi, hata kama pigo hilo lisingemwua mzima na mpigaji hakuujua ugonjwa. Ametaja pia anayemfungia mtu na kumnyima chakula ilhali anajua kuwa tangu hapo alikuwa na njaa. Mifano hii inatufundisha kuwa mafakihi hawakulitazama pigo la mwisho peke yake. Walitazama hali ya aliyepigwa, na hali ya mke aliyedhoofishwa kwa miaka mumewe anaijua kuliko mtu yeyote.

WAJIBU WA ANAYESIKILIZA MASHITAKA

Katika Kenya na Zanzibar, mahakama za kadhi husikiliza ndoa, talaka na mirathi. Kesi za kuua ziko mikononi mwa mahakama za dola. Maana yake ni kwamba kadhi na imamu humpata mke huyu wakati angali hai. Huja na uso umevimba, akataka suluhu au talaka. Akifa, faili huenda kwingine. Na kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imesema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

Tumtazame Mtume (S.A.W.) alivyofanya katika wakati kama huo. Habiba bint Sahl (R.A.) alipigwa na mumewe, Thabit bin Qais (R.A.), mpaka akavunjika kiungo. Alikwenda kwa Mtume baada ya sala ya Alfajiri, kama alivyopokea Abu Daud. Mtume hakumwambia arudi akasubiri, wala hakumwuliza amemkosea nini mumewe. Alimwita Thabit, akamwamuru achukue mahari aliyotoa, nayo ni bustani mbili, na aachane naye. Na wanawake wengi walipozizunguka nyumba za Mtume wakiwashitakia waume zao, alisema kwamba waume wale si wabora katika umma. Naye mwenyewe, kama alivyosema Aisha (R.A.) katika Sahihi ya Muslim, hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake.

Basi anayemwambia mke aliyevunjwa kiungo, "Nenda ukavumilie, ndoa ni subira," amejiweka mahali ambapo Mtume (S.A.W.) hakujiweka. Subira ni ibada, lakini kuilinda nafsi ni katika makusudio matano ya sharia. Tunawanasihi maimamu wetu wasikilize shitaka la kwanza kana kwamba ni la mwisho, wamwite mume mbele ya mashahidi, na dhara ikithibiti wasione haya kumfikisha mke kwa kadhi na kwa vyombo vya dola. Na wanaofundisha kanuni ya mtoto kuwa walii wa damu, waifundishe pamoja na dia yake, kafara yake, kunyimwa urithi kwake na taaziri yake, ili asitoke katika darsa zetu mtu anayedhani kuwa watoto aliozaa ni leseni ya mkono wake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azirehemu roho zilizodhulumiwa, awalee mayatima walioachwa, na azijaalie nyumba zetu kuwa na utulivu, mapenzi na huruma. Wallaahu A'lam.