Ughali wa Bei Misri: Funzo Kutoka kwa Al-Maqrizi

 

Watu wengi hudhani bei hupanda kwa ukame tu. Taqiyyud-Din al-Maqrizi (aliyefariki 845 H/1442 M) hakutosheka na jibu hilo. Aliwahi kuwa muhtasib wa Cairo, msimamizi wa masoko. Mwaka 806 H (1403 M) maji ya Nile yalipungua, njaa ikaingia. Mwaka 808 H (1405 M) akaandika Ighathatul-Umma, akichunguza kwa nini ughali ule ulidumu.

Alitaja sababu tatu. Kwanza, vyeo viliuzwa kwa rushwa. Aliyenunua cheo kwa deni alilirudisha kwa kuwakamua raia. Pili, maamiri walipandisha kodi za ardhi, wakulima wakashindwa, mashamba yakaachwa. Tatu, tangu zama za Sultani Barquq fulusi za shaba zilitengenezwa kwa wingi mno, na fedha ikaadimika sokoni.

Tukizitazama vyema, zote zina mzizi mmoja: kila mwenye nguvu alitaka fungu lake likue, na hasara ikamwangukia asiye na wa kumtwisha. Al-Maqrizi aliwagawa watu matabaka saba. Mfanyabiashara alipandisha bei. Fundi aliyenusurika na mauti alipata ujira mkubwa zaidi. Lakini mafakihi, wanafunzi na wengine wa posho maalumu waliangamia. Hata matajiri walidanganyika: faida yao ilikuwa nyingi kwa hesabu ya fulusi, kidogo kwa hesabu ya dhahabu.

Mvutano huo uliingia katika utawala. Karne hiyo ya 9 H mamluki wa sultani walifanya ghasia mara kwa mara wakidai malipo.

Fiqhi nayo haikusalimika. Aliyekopesha fulusi 100, kisha thamani ikashuka, alipwe nini? Abu Hanifa alisema: idadi ile ile. Mwanafunzi wake Abu Yusuf akasema: thamani yake ya siku ya mkopo. Mwaka 1988, huko Kuwait, Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa iliamua deni lilipwe kwa mfano wake, si kwa thamani.

Kila jibu lina wa kubeba hasara. Kwa hiyo kadhi huja amechelewa; dhulma ilikwisha kutendeka pale sarafu ilipoharibiwa. Surat al-Mutaffifin imewaonya wapunjao vipimo. Nasi tunasema: sarafu nayo ni kipimo, na aishikaye ni mtawala.

Wallahu a'lam.