Vinyago vya Afrika katika Kitabu cha Petrograd cha Mwaka 1919

Mwaka 1913 Agano Jipya kwa lugha ya Kinyiha lilitoka mitamboni. Mfasiri wake, Traugott Bachmann, alikuwa mmisionari wa Kimoraviani, na makao yake yalikuwa Mbozi, katika misheni iliyoanzishwa mwaka 1899 kwenye nyanda za juu ambazo leo zimo katika Mkoa wa Songwe, si mbali na mpaka wa Tunduma. Katika kiangazi cha mwaka huo huo mchoraji mmoja kutoka Riga alikuwa akizunguka katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, kamera mkononi, akipiga picha za vinyago vya Afrika. Watu hawa wawili hawakujuana. Mmoja alitia kitabuni maneno ya Mwafrika; mwingine alikuwa akitafuta njia ya kutia kitabuni kazi ya mikono yake. Historia imeyahifadhi majina ya wageni hawa wawili vizuri zaidi kuliko majina ya Wanyiha waliomfundisha Bachmann lugha yao, au ya mafundi waliovichonga vile vinyago.

Kitabu cha huyo mchoraji ndicho kinachohusika hapa. Jina lake alikuwa Voldemārs Matvejs, Mlatvia aliyezaliwa Riga mwaka 1877 akasoma katika Chuo cha Sanaa cha St. Petersburg. Maandishi yake aliyatia sahihi kwa jina la Kirusi, Vladimir Markov. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa Umoja wa Vijana, chama cha wachoraji kilichoanzishwa mwaka 1910, ambacho katika maonyesho yake walikutana watu waliokuja kuwa mashuhuri ulimwenguni: Malevich, Tatlin, Rozanova. Hao ndio watangulizi wa sanaa mpya ya Urusi. Walichoka na uchoraji wa chuoni, ambao kazi yake ilikuwa kuiga mwili wa mtu na kitambaa alichovaa, wakawa wanatafuta mahali pengine pa kujifunzia. Wengine waliziendea picha takatifu za kanisa la Kiorthodoksi, na wengine zile picha za bei nafuu zilizouzwa magulioni kwa wakulima. Matvejs alikwenda mbali kuliko wenzake, maana alitafuta katika mashairi ya China, katika sanamu za mawe za Kisiwa cha Pasaka, na mwishowe katika miti iliyochongwa Afrika.

Watu hao walikipenda kitabu kwa namna ambayo msomaji wa Kiswahili hataiona kuwa ngeni. Mwaka 1912 washairi Kruchenykh na Khlebnikov, pamoja na wachoraji Goncharova na Larionov, walianza kutoa vijitabu vidogo vilivyoandikwa kwa mkono, kisha vikapigwa chapa ya mawe, maneno na picha katika ukurasa mmoja, nakala mia chache tu. Walisema ya kuwa mwandiko hubadilika kwa kadiri moyo wa mwandishi unavyobadilika, na ya kuwa herufi za risasi, zote sawasawa, huliondolea shairi nusu ya sauti yake. Mtu aliyepata kushika hati ya zamani ya utenzi, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu na mnakili mwenye khati nzuri wa Lamu au Pate, anajua jambo hili bila kufundishwa na Mfuturisti yeyote. Tofauti ni kwamba mnakili wa Pate aliandika hivyo kwa sababu ndivyo vitabu vilivyokuwa, hali Warusi wale waliirudia kazi ya mkono wakiwa wamezungukwa na mitambo, kwa ukaidi.

Basi Matvejs alipoingia katika makumbusho ya London, Paris, Leiden na Berlin, aliingia na macho ya namna hiyo. Alikuta nini? Vinyago vilikuwa vimepangwa katika makabati ya vioo pamoja na mikuki, vikapu na mitego ya samaki, kama ushahidi wa namna watu wa mbali wanavyoishi. Katika Berlin vilikuwa vimesongamana, na sababu inajulikana. Mwaka 1889 Baraza la Dola ya Ujerumani lilikata shauri ya kwamba makusanyo ya kitaalamu kutoka makoloni, yaliyogharamiwa na serikali, yapelekwe kwanza katika makumbusho ya Berlin. Tangu hapo maofisa, madaktari, wafanya biashara na wamisionari walipeleka masanduku kutoka Kameruni, Togo na Afrika ya Mashariki. Vitu vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, na vingine vilichukuliwa katika vita, vikiwamo vya Maji Maji vya miaka ya 1905 hadi 1907. Kabati la kioo halikuonyesha tofauti ya hayo, na Matvejs naye hakuuliza. Alikuja kutazama umbo.

Na umbo alilitazama vema kuliko watu wengi waliomtangulia. Alivipiga picha vinyago vyenyewe, bila mapambo ya kando, mara nyingine kimoja kwa pande mbalimbali, ili mtazamaji aone jinsi kinavyojaza nafasi. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mchongaji wa Afrika haanzi na mwili wa mtu kama jicho liuonavyo. Anaanza na mapande mazito: kichwa ni pande, shingo ni pande, kiwiliwili ni pande, na kila moja lina uzito wake na uhuru wake. Sanaa yake imo katika kuyasimamisha mapande hayo pamoja hata yawe na mwendo mmoja. Viungo havina lazima ya kufuata ukubwa wa viungo vya kweli, kwa kuwa si kweli hiyo iliyokusudiwa.

Hoja ya pili ni nzuri zaidi. Matvejs aliona kwamba mahali pa jicho mchongaji huweza kuweka kauri, au ufa tu, au msumari, na mtazamaji hukubali mara moja kwamba hilo ni jicho. Kauri haifanani na jicho. Inasimama mahali pa jicho. Mzungu wa siku zile aliyeona hivyo alisema fundi hakujua kuchonga jicho. Matvejs alisema ya kuwa fundi alijua jambo ambalo Ulaya ililisahau, kwamba sanaa inaweza kukiita kitu bila kukiiga. Neno hili likisemwa leo halimshangazi mtu. Lilipoandikwa, kabla ya vita vya 1914, lilikuwa karibu na kufuru katika vyuo vya sanaa. Ni kweli kwamba wachoraji wa Paris walikuwa wakivikusanya vinyago, na katika Moscow tajiri Shchukin alikuwa ameweka vichache karibu na picha zake za Picasso. Lakini kuvipenda ni jambo moja, na kukaa chini kuandika kanuni za uchongaji wake ni jambo jingine.

Hata hivyo kitabu kina pengo ambalo mtu wa Mbozi angeliona upesi. Sehemu kubwa ya picha zake ni za vinyago vya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Afrika ya Mashariki ni kama haimo, na kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya waliendelea kusema kwamba upande huu hauna sanaa ya kuchonga wala ya kufinyanga iliyo kubwa. Katika nchi ya Wanyiha, wakati ule ule, mafundi walikuwa wakiyeyusha chuma. Walijenga kwa udongo tanuru refu kumpita mtu, lililovuta hewa lenyewe kwa mirija ya chini pasipo mivukuto. Kisha chuma kile kikatakaswa katika tanuru dogo lenye mivukuto, na mwisho kikafuliwa kuwa jembe, shoka au mkuki. Kazi ilikuwa na dawa zake na miiko yake. Tanuru kama hilo haliingii katika kabati la kioo, wala halisafirishwi kwa meli hadi Hamburg, na kwa hiyo halikuhesabiwa.

Jambo hili linasikitisha zaidi kwa sababu Matvejs mwenyewe alikuwa na elimu ya kulielewa. Mwaka 1914 alitoa kitabu kidogo kiitwacho Faktura, juu ya sura ya ngozi ya kitu kilichoundwa: jinsi mti, jiwe au madini yanavyosema kwa ukwaruzo na mng'ao wao, na jinsi mabamba ya metali yaliyopigiliwa juu ya picha takatifu yanavyoongeza sauti yake. Mtu mwenye mawazo hayo, lau angaliona tanuru la Kinyiha likiwaka usiku, angalikuwa na mengi ya kuandika. Lakini alichokiona ni kile tu ambacho dola za Ulaya zilikuwa zimekichukua. Ukarimu wa macho yake haukuweza kupita mipaka ya makabati.

Wala hakuishi kukiona kitabu chake. Alikufa mwezi wa Mei 1914, akiwa na umri wa miaka 36, miezi michache kabla ya vita kuu. Kwa sababu hiyo Mjerumani Carl Einstein, aliyetoa Negerplastik katika Leipzig mwaka 1915, ndiye aliyepata sifa ya kutangulia. Maandishi na picha za Matvejs zilibaki kwa mwenziwe, mchoraji Varvara Bubnova, aliyezihifadhi katika miaka ya vita na ya mapinduzi. Baada ya Oktoba 1917 Kamisarieti ya Elimu, chini ya Lunacharsky, ilianzisha idara ya sanaa, na wachoraji ambao jana walichekwa wakawa leo ndio wenye ofisi na mihuri. Idara hiyo ndiyo iliyokipiga chapa kitabu, Petrograd, mwaka 1919, kwa jina la Iskusstvo Negrov, yaani Sanaa ya Watu Weusi. Jalada lilichorwa na Natan Altman.

Yafaa kufikiri mwaka ule ulikuwaje. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vikiendelea, karatasi ilikuwa adimu, na kuni pia. Petrograd, mji uliokuwa na zaidi ya watu milioni mbili mwaka 1917, ulibaki na watu wapatao 700,000 mwaka 1920. Wengine walikufa, na wengi walikimbilia mashamba kutafuta chakula. Katika nchi ambayo hesabu ya mwaka 1897 ilionyesha watu kama 21 tu katika kila 100 wajuao kusoma, serikali ilitoa amri tarehe 26 Desemba 1919 kwamba kila mtu wa umri wa miaka 8 hadi 50 ajifunze. Katika njaa hiyo zilitolewa karatasi kwa ajili ya picha za vinyago vya Afrika. Yawezekana kuuita huo upumbavu. Waliofanya hivyo waliamini ya kuwa watu wapya watahitaji macho mapya, na kwamba macho hayo hayatatoka katika makasri ya wafalme wa zamani.

Kitabu cha picha kikawa tangu hapo silaha yao kubwa. Mayakovsky na wenzake walichora mabango ya kubandika katika madirisha ya maduka matupu, wakiyanakili kwa mkono kupitia karatasi zilizokatwa. El Lissitzky alitoa Berlin mwaka 1922 hadithi ya watoto ambayo mashujaa wake ni miraba miwili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Mwaka uliofuata aliyapanga mashairi ya Mayakovsky katika kitabu chenye ngazi za alama ukingoni, kama daftari la anwani, ili msomaji wa hadharani alipate shairi kwa kidole. Lebedev na Marshak walitoa katika Leningrad vitabu vya watoto ambavyo uzuri wake haujapungua mpaka leo.

Lakini si kila kitabu cha siku zile kilijifunza kwa Matvejs. Mwaka 1925, miaka sita tu baada ya Iskusstvo Negrov, Chukovsky alitoa hadithi ya mashairi iitwayo Barmaley, yenye picha za Dobuzhinsky. Humo watoto wa Kirusi wanaonywa wasiende Afrika, kwa kuwa kuna papa, masokwe, mamba na haramia mla watoto. Katika hadithi nyingine yake, ya daktari wa wanyama, Zanzibar inatajwa kama makao ya wanyama wagonjwa. Mji wenye misikiti, mahakama, magazeti na washairi umekuwa zizi la viboko! Mashairi yenyewe ni matamu, na mamilioni ya Warusi huyajua kwa moyo. Hayo ndiyo yaliyobaki. Kitabu cha vinyago kilisomwa na wachache.

Tarehe 23 Aprili 1932 chama tawala kilivunja vyama vyote vya sanaa. Mwaka 1936 gazeti la Pravda lilimshambulia Lebedev kwa picha zake za watoto, na mtu aliyesifu umbo aliweza kuhesabiwa kuwa adui. Bubnova hakuwapo. Alikwenda Japani mwaka 1922 akafundisha huko fasihi ya Kirusi na kuchora chapa za mawe mpaka aliporudi mwaka 1958, na katika uzee wake aliandika kumbukumbu za Matvejs. Alikufa mwaka 1983.

Vinyago vyenyewe navyo vilisafiri. Vita ya pili ilipokwisha mwaka 1945, jeshi la Kisovieti lilichukua kutoka makumbusho ya Berlin maelfu ya vitu, vya Afrika vikiwamo, vikapelekwa Leningrad, ndio ule ule mji wa Petrograd. Havikuonyeshwa kwa watu. Masanduku yalikaa ghalani kwa zaidi ya miaka thelathini, katika mji ambao ndimo watu wa Matvejs walimokipiga chapa kitabu chake wakati wa njaa. Katika miaka ya 1977 na 1978 vitu vipatavyo 45,000 vilipelekwa Leipzig kwa siri, na tangu mwaka 1990 vikarudishwa Berlin.